Pilipili Usiyoila

Chupa ya tatu ya ile dawa ya njano ya fangasi ilikuwa juu ya friji, imebaki robo, siku niliyokwenda kumjulia hali shangazi. Aliambiwa adondoshe matone kwenye ulimi, ayazungushe mdomoni, kisha ameze, mara nne kwa siku. Akatii miezi mitatu. "Ulimi unawaka, mwanangu," akaniambia. "Asubuhi naamka salama kabisa. Ikifika adhuhuri, utadhani nimelamba jiko. Jioni ndiyo usiseme." Nikamwomba autoe tuutazame dirishani penye mwanga. Ulikuwa ulimi kama ulimi wowote: una rangi yake, umelowa mate, hauna kidonda wala utando. Kijana wa duka la dawa naye alikuwa ameutazama, na kwa miezi yote hiyo alikuwa na majibu mawili tu. Kwanza, "Hizo ni fangasi, mama." Baadaye, dawa ilipogoma, "Mama, punguza mawazo."

Fangasi, na zikishindikana, mawazo. Watu wengi wa kwetu wanaolalamika kuwaka mdomo huzungushwa kati ya vituo hivyo viwili kama abiria aliyepitilizwa. Si kwamba majibu hayo ni ya uongo. Fangasi zipo, na mawazo yapo. Ila kati ya hayo mawili panarukwa mambo mengi mno, na mengine ni ya hatari, na mengine yanatibika kwa sindano ya bei ya kawaida.

Wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashia nini? Methali hiyo humsuta mtu anayejitia katika yasiyomhusu. Lakini ukiichukua kama ilivyo, inadai kwamba mwasho wowote lazima uwe na pilipili yake, na pilipili hiyo lazima iwe imeliwa. Hapo mdomo na wahenga hawaelewani. Mdomo unaweza kuwaka kwa kitu ulichokula, kwa kitu ambacho hukula, na unaweza kuwaka pasipo kitu.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Mtu akisema "mdomo unawasha", tabibu hajui kama ni wa kujikuna, wa ukali wa pilipili au wa moto, kwa sababu kuwasha kwetu ni yote matatu, na taa pia tunaiwasha. Hata hivyo Kiswahili si maskini hapa. Chai ya moto huunguza. Ndimu ikigusa palipochubuka huchonyota. Magimbi yasiyoiva hukereketa. Bibo la mkorosho na ndizi mbichi huacha ukakasi. Meno na midomo hufa ganzi. Kila neno kati ya hayo ni nusu ya uchunguzi. Anayechonyotwa ana ngozi iliyochunika mahali fulani, hata kama haionekani kwa haraka. Mwenye ukakasi amekutana na tanini, ambazo hunasa protini za mate na kuuacha ulimi mkavu kama umepitishwa msasa. Mwenye ganzi ya upande mmoja, hasa kama haiondoki, hana la kusubiri, maana hiyo ni habari ya neva na huenda kuna kitu kinaibana. Ningekuwa nafundisha matabibu wanafunzi, ningeanza na maneno haya kabla ya Kilatini.

Sasa pilipili yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha jinsi moto unavyotengenezwa mdomoni. Embe mbichi iliyotoka kwenye friji, ikatwe, ipakwe chumvi na pilipili ya kusaga kama inavyouzwa mlangoni mwa shule: iko baridi, na bado inaunguza. Mwaka 1997 David Julius na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza sababu. Kwenye ncha za neva za maumivu kuna protini ambayo leo huitwa TRPV1, iliyo kama kijimlango. Joto likifika karibu nyuzi 43 za Selsiasi, mlango unafunguka na neva inapiga kelele: moto! Kapsaisini, ile kemikali ya pilipili, inaufungua mlango huohuo bila joto lolote. Ubongo hauna njia ya kutofautisha. Unapokea ujumbe uleule, unaleta jasho, machozi na makamasi yaleyale. Tindikali nayo huusukuma mlango huo, ndiyo maana ndimu juu ya pilipili huzidisha badala ya kupoza. Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, aliyechunguza hisia za mguso. Dawa ya meno yenye mnanaa hufanya kiinimacho kama hicho upande wa baridi, kwa mlango mwingine. Na kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji, glasi ya maji hueneza moto tu. Mtindi una protini inayoishika na kuiondoa. Bibi zetu walilijua hilo bila maabara.

La muhimu katika habari hiyo si pilipili. Ni kwamba neva ya ulimi ina king'ora kimoja tu. Kiguswe na chai, na kapsaisini, na tindikali, na sumu ya mmea, na ukosefu wa vitamini, au kiharibike chenyewe, mlio ni mmoja. Kazi ya mchunguzi ni kujua nani ameking'oa waya au nani amekibonyeza. Nami naona maswali yanafaa kufuata njia hii: moto uko juu ya ulimi, uko ndani ya damu, au uko kwenye neva yenyewe?

Vya juu ya ulimi ndivyo vyepesi, na sehemu kubwa vinaota shambani. Magimbi yana vijisindano vidogo mno vya kalsiamu okzaleti vinavyochoma ulimi na koo. Yachemshe hadi yalainike kweli, usimsikilize mwenye njaa. Nanasi lina vijisindano pia, pamoja na bromeleni, kimeng'enya kinachomeng'enya protini, ikiwemo ya ulimi wako, ndiyo sababu ukila nanasi zima peke yako ulimi unabaki umechubuka. Mtwara na Lindi kila mtoto anajua adhabu ya kubanja korosho mbichi kwa meno: ganda lina mafuta makali yanayobabua midomo na kuacha malengelenge. Mkorosho na mwembe ni familia moja, na utomvu wa embe una kemikali za ukoo huohuo. Mtu anayevimba midomo kila msimu wa maembe mara nyingi hadhuriwi na nyama ya tunda, bali na ganda na utomvu unaochuruzika kwenye kikonyo. Amenyewe embe na mtu mwingine, alishwe kwa uma, ataona.

Dukani nako kuna vyake. Dawa za meno nyingi zina kemikali ya povu ambayo baadhi ya vinywa haviivumilii, na ladha ya mdalasini huwazulia wengine wekundu na kuwaka kwa wiki kadhaa bila wao kuishuku, kwani nani atashuku dawa ya meno? Dawa za kusukutua zenye spiriti hununuliwa na watu haohao wanaoungua, kwa imani kwamba kinachochoma kinasafisha. Na chai. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, na ukanda wa saratani hiyo unapita kwetu, kutoka Ethiopia kushuka Kenya na Tanzania hadi Malawi. Tukikumbuka kwamba king'ora hulia kwenye nyuzi 43, mzee anayejisifu kunywa chai "ya moto kweli" anajisifu kwa kuzoea kelele.

Lakini kitu cha juu ya ulimi ninachotaka kukaa nacho ni tambuu.

Mwaka 1952 daktari aliyeitwa Schwartz alieleza mbele ya wenzake hali aliyoikuta kwa wanawake watano wa asili ya Kihindi waliokuwa wakiishi Kenya. Vinywa vyao vilikuwa vimekakamaa, ndani ya mashavu pamepauka, midomo haifunguki sawasawa. Ndivyo ugonjwa tunaouita leo fibrosisi ya chini ya utando wa kinywa ulivyoingia kwenye maandiko ya tiba ya kisasa, na uliingia kupitia mlango wa Afrika Mashariki. Chanzo chake kilikuja kujulikana vizuri baadaye: popoo. Tambuu ya pwani, kuanzia Mombasa hadi Unguja, ni jani, chokaa, popoo iliyokatwakatwa, na kwa wengine tumbaku na viungo. Alkaloidi za popoo huzichochea seli zinazotengeneza nyuzi za kolajeni, na nyuzi hizo hujazana chini ya ngozi laini ya kinywa mpaka shavu linakuwa gumu kama mkanda. Tangu mwaka 2004 IARC imeiweka popoo yenyewe, hata bila tumbaku, kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Dalili ya kwanza ya maradhi hayo si ugumu wala uvimbe. Ni kuwaka. Mtu aliyekula pilipili maisha yake yote anaanza kusema, "Siku hizi pilipili inanishinda." Mchuzi uleule, mpishi yuleyule, na familia inacheka kwamba amezeeka. Baada ya miaka, anapopiga miayo, anakuta mdomo hautaki. Njia ya kujipima inafanyika jikoni: vidole vitatu vya mkono wako mwenyewe, vikisimamishwa kimoja juu ya kingine, vinapaswa kupita kati ya meno ya juu na ya chini. Vikigoma, na wewe ni mtafunaji, nenda kwa daktari wa kinywa wiki hii, wala usingoje sikukuu ipite. Ukakamavu uliokwisha kujengeka haurudi nyuma wenyewe, na baadhi ya vinywa hivyo huishia kwenye saratani. Siandiki haya kuitukana tambuu. Nimekulia kwenye nyumba zenye sinia yake, na najua harusi isiyo na sinia hiyo ilisemwaje. Ila vile vipakiti vya rangi vya popoo iliyosagwa, vinavyoning'inia madukani kama peremende, havina hata hiyo heshima ya sinia.

Juu ya ulimi pia zinakaa fangasi, na kwazo nitapita haraka kwa kuwa zimeshasemwa sana. Kandida huishi katika vinywa vya watu wengi wazima bila fujo. Hupata nafasi mwenyeji akidhoofika au mazingira yakibadilika: mtoto mchanga, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, aliyemaliza dozi ndefu ya antibiotiki, anayelala na meno ya bandia, mwenye pumu anayevuta pampu ya steroidi na kusahau kusukutua, na mtu anayeishi na VVU ambaye kinga imeshuka. Kwa huyu wa mwisho utando mweupe mdomoni umekuwa mara nyingi barua ya kwanza, na kwa sababu hiyo pekee fangasi za mtu mzima asiye na sababu nyingine zisitibiwe bila kipimo cha VVU. Utando wa fangasi hufutika kwa kitambaa na kuacha wekundu. Weupe usiofutika si utando wa aina hiyo, na ukikaa wiki mbili au tatu unataka kukatwa kinyama kidogo kipimwe. Zipo pia fangasi zisizo na weupe wowote, ulimi umekuwa mwekundu tu na unaungua. Hizo hupita bila kuonekana. Kosa la kijana wa dukani halikuwa kuzishuku. Kosa lilikuwa chupa ya pili na ya tatu. Dawa sahihi iliyotumiwa sawasawa kwa wiki mbili isipobadilisha chochote, kinachopaswa kubadilishwa ni wazo, siyo chupa.

Tuingie kwenye damu. Ngozi ya ulimi hujifanya upya haraka, kwa hiyo ni miongoni mwa sehemu zinazoumbuka mapema mwili unapokosa malighafi. Madini ya chuma yakipungua, foleti ikipungua, vitamini B12 ikipungua, vile vinundu vidogo vinavyoupa ulimi ukwaru wake hunyauka, na ulimi unabaki laini, unang'aa, mwekundu, unachonyota kwa kila kitu.

Daktari William Hunter, mwanzoni mwa karne ya 20, aliueleza ulimi huo kwa makini kuliko waliomtangulia. Aliwaona wagonjwa wa ule upungufu wa damu uliokuwa ukiua bila huruma, akaona kwamba wanalalamikia ulimi, akauelewa uzito wa malalamiko yao. Kisha akakosea. Akahitimisha kwamba ulimi na damu vyote vinaharibiwa na uchafu wa meno mabovu. Mwaka 1910, katika hotuba yake Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, aliyashambulia meno yaliyovikwa dhahabu juu ya mizizi iliyooza, na dunia ikamsikiliza kupita kiasi. Kwa miaka mingi iliyofuata, Uingereza na Marekani, watu waling'olewa meno mazima kwa ajili ya magonjwa ambayo meno hayakuyajua. Jibu lilikuwa kwenye sahani: mwaka 1926 George Minot na William Murphy wa Boston walionyesha kwamba wagonjwa waliolishwa maini kwa wingi wanainuka, na mwaka 1948 kitu kilichokuwa ndani ya maini kikapatikana, vitamini B12. Tusimcheke Hunter. Kwetu bado kuna watoto na watu wazima wanaokatwa kimeo kwa wembe kwa sababu ya kikohozi na koo linalowasha, na kimeo hakina hatia hata kidogo.

Pelagra ni hadithi ya pili ya damu, na inatuhusu kwa ukaribu zaidi kwa kuwa ni hadithi ya unga. Gaspar Casal aliueleza ugonjwa huo Asturias, Hispania, mwaka 1735, kati ya maskini waliokula mahindi na karibu kitu kingine hakuna. Ngozi iliyopigwa na jua huwa nyeusi na kubanduka, tumbo huharisha, akili huvurugika; na ulimi, kuanzia ncha na pembeni, huwa mwekundu kama nyama ya buchani na kuwaka. Mahindi yana niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo halifaidi. Watu wa Meksiko, wenye zao lao, walikuwa wameyachemsha mahindi kwa chokaa tangu kale, na chokaa huifungua. Mahindi yaliposafiri kwenda Ulaya na Afrika, mapishi hayo hayakupanda meli. Kusini mwa Marekani Joseph Goldberger, aliyeanza kuushughulikia ugonjwa huo mwaka 1914, alipigania kuonyesha kwamba unatokana na chakula, si vijidudu. Na mwaka 1937 Conrad Elvehjem, Wisconsin, akawaponya kwa asidi ya nikotini mbwa wenye ugonjwa ulioitwa kwa ulimi wao, ulimi mweusi.

Msomaji anayekula ugali kila siku asiogope sufuria yake. Ugali kwa maharage, kwa dagaa, kwa karanga, hauleti pelagra. Huletwa na ugali kwa ugali. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wakigawiwa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiandamana nayo zilipokatika, karibu watu 18,000 walipatwa na pelagra katika miezi michache. Mlevi wa gongo anayelala bila kula huipata kimyakimya. Na anaweza kuipata mtu anayemeza isoniazidi ya kifua kikuu, kwa kuwa dawa hiyo huvuruga matumizi ya vitamini B6 na niasini. Mgonjwa wa aina hiyo akisema ulimi unawaka, akapewa matone ya fangasi, tumemkosea mara mbili.

Kwa hiyo nikamuuliza shangazi anakunywa dawa gani. Akaleta mfuko wa plastiki. Metformini ya sukari, mwaka wa tisa huo. Enalaprili ya presha. Metformini ikitumika kwa miaka hupunguza B12 kwa baadhi ya watumiaji, jambo linalojulikana na kusahauliwa kliniki. Dawa za jamii ya enalaprili nazo zimeripotiwa kuleta kuwaka mdomo na kubadilika kwa ladha kwa watu wachache. Hapo msomaji mwenye mfuko kama huo asikimbilie kuutupa. Dawa ya presha ikiachwa ghafla ina hasara kubwa kuliko ulimi unaowaka. Apeleke mfuko mzima, vikiwemo vya miti shamba, kwa anayeandika dawa, amuulize.

Umebaki moto wa neva yenyewe, na hapa ndipo elimu ya tiba ilipojikwaa kwa muda mrefu. Wako watu ambao ulimi wao ni safi, damu yao safi, sukari safi, hawana fangasi, dawa zimebadilishwa, na bado unawaka. Wataalamu huita hali hii sindromu ya kinywa kuwaka. Uainishaji wa kimataifa wa maumivu ya kichwa unataka mambo haya: kuwaka kuwepo kila siku, zaidi ya saa mbili kwa siku, kwa zaidi ya miezi mitatu, na kinywa kionekane kizima. Wengi wao ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Huwaka zaidi ncha ya ulimi na pembeni, mara nyingi pande zote mbili, na midomo na kaakaa. Wengine huhisi ukavu ingawa mate yapo, au ladha ya chuma, au uchungu usiotoka. Kwa wengi mwendo wake ni uleule wa shangazi: asubuhi kimya, adhuhuri unaanza, jioni umechachamaa. Na kuna alama moja ambayo mimi naithamini kuliko zote kwa sababu haihitaji mashine. Mwenye kidonda au mchubuko huumia zaidi anapokula. Wengi wenye sindromu hii hupata nafuu wanapokula.

Kwa miongo mingi wanawake hawa waliambiwa ni umri, ni woga wa saratani, ni upweke. Huwezi kuona kitu, basi hakipo. Mwaka 2005 Giuseppe Lauria na wenzake wa Italia walikata vipande vidogo kutoka pembeni mwa ndimi za wagonjwa, wakahesabu nyuzi nyembamba za neva kwenye ngozi ya juu, wakazikuta zimepungua waziwazi zikilinganishwa na za watu wenye afya. Waya ulikuwa umeungua. Kilichokosekana siku zote ni hadubini na nia. Kabla yao, Linda Bartoshuk na Miriam Grushka walikuwa wamefuata njia nyingine: neva ya ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi, ambayo kwa ajabu ya maumbile hupita ndani ya sikio nyuma ya kiwambo, huwa kama breki kwa neva ya maumivu. Breki ikilegea, maumivu hujiendesha. Hilo lingeeleza kwa nini kula, kunakoiamsha ladha, hupoza. Wafini wa Turku nao walipiga picha za ubongo wakakuta mfumo wa dopamini umelegea. Nadharia hizi hazijakutana meza moja, na inawezekana tunaita kwa jina moja magonjwa mawili au matatu. Lakini hakuna hata moja inayosema "punguza mawazo".

Je, wasiwasi na huzuni havimo? Vimo, na kwa kiwango kikubwa kuliko kwa watu wengine. Ila nani ameuliza punda na mkokoteni, yupi yuko mbele? Mtu ambaye ulimi wake umewaka kila jioni kwa miaka miwili, akaambiwa hana kitu, atakosaje mawazo? Nakubali kwamba wasiwasi huongeza sauti ya king'ora, na ndiyo maana tiba ya mazungumzo husaidia baadhi. Kumwambia mgonjwa kwamba king'ora hakilii ni jambo jingine.

Tiba yake haina majigambo. Klonazepamu, dawa ya kifafa na wasiwasi, imejaribiwa kwa njia ya ajabu kidogo: kidonge kinyonywe, mate yakae mdomoni dakika chache karibu na panapowaka, kisha yatemwe. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2004 lilionyesha nafuu kwa wengi kuliko kidonge bandia. Ni dawa inayolevya na kuzoeleka, ya cheti cha daktari tu. Asidi ya alfa lipoiki imeleta majibu yanayopingana. Barafu, kutafuna, kuacha spiriti na mdalasini, hivi havidhuru. Kung'oa meno hakusaidii, na bado wagonjwa hawa hung'olewa, Hunter akiwa kaburini. Kwa wengine moto hufifia baada ya miaka. Kwa wengi hubaki na kuzoeleka.

Takwimu za ugonjwa huu zimekusanywa zaidi Ulaya, Marekani na Asia, na nimewahi kusikia watu wakisema ni maradhi ya wazungu wasio na shughuli. Ugonjwa usioulizwa hauna takwimu. Katika nchi zetu jina hili linapaswa kuja la mwisho, maana VVU, kisukari, upungufu wa damu na popoo viko karibu zaidi na vina hasara zaidi vikikosewa. Lakini la mwisho si sawa na kutokuja kabisa. Nawashangaa matabibu wawili wa aina tofauti: yule anayeruka vipimo vya damu na kutaja sindromu aliyoisoma jana, na yule anayepima kila kitu, akakuta safi, akafunga faili.

Vipimo vya shangazi vilirudi na jibu ambalo mwandishi asingelichagua. VVU hana. Sukari wastani. B12, ambayo ilibidi damu ipelekwe mji mwingine ili ipimwe, ilikuwa chini, chini kweli. Akachomwa sindano kwa wiki kadhaa, ganzi ya vidole vya miguu ambayo hakuwahi hata kuitaja ikapungua, uchovu ukaondoka, na ulimi ukatulia nusu. Nusu nyingine ilibaki. Daktari wa kinywa aliyemwona baadaye alikaa kimya muda, akamwambia: "Mama, moto wako ulikuwa na kuni mbili. Moja tumeitoa." Huenda neva zilikwisha kuumia kwa kukosa vitamini, huenda sindromu ilikuwepo pembeni, ikisubiri zamu yake. Vyanzo havipangi foleni.

Matone ya njano ameyatupa. Pilipili, kinyume na mashauri ya majirani wote, hakuiacha. Anasema ile angalau anajua ametoka nayo sokoni. Juzi alasiri nilimkuta barazani, saa ambazo ulimi huanza, ana kisahani cha mbegu za maboga mapajani, anazitafuna moja moja bila haraka.

"Nikitafuna unanyamaza," akasema, akanisogezea kisahani.